Nusu Tiketi ya Kijiti

Treni ilifika saa tatu asubuhi. Abiria wote walishuka, wakapanga foleni, wakatoka. Kijiti peke yake alizuiwa mlangoni.

"Wewe kaa pale," mkaguzi wa tiketi alimwambia, akimwonyesha benchi karibu na mizani ya mizigo. "Mpaka mtu wako aje."

"Hakuna anayekuja, baba. Njia naijua."

"Tiketi yako inasema yupo."

Kijiti akakaa, ameshika sanduku lake kwa mikono miwili. Shule ya bweni aliyochaguliwa ilikuwa inawashikia wageni vitanda hadi saa sita mchana tu; baada ya hapo vilivyobaki hupewa yeyote aliyefika, na vitanda vilikuwa vichache. Kutoka stesheni hadi shuleni ni mwendo wa nusu saa tu. Muda alikuwa nao tele. Mlango ndio hakuwa nao.

Kosa lilianzia nyumbani. Wiki nzima yeye na mama yake walihangaika kutafuta usafiri wa bei nafuu. Basi lilitaka elfu thelathini na mbili. Dereva wa lori la vitunguu alikubali elfu kumi, ila juu ya mzigo, na mama akamjibu kwamba mwanawe si gunia. Ikabaki treni, daraja la tatu, viti vya mbao: elfu kumi na nane. Mama, aliyeshona mashuka ya hospitali, alimpa pesa kamili, akamwacha kwenye foleni ya tiketi, akawahi cherehani yake.

Kwenye dirisha la tiketi palikuwa na tangazo: watoto wa chini ya miaka kumi na miwili, nusu nauli. Kijiti alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, ila mwembamba hasa. Jina hilo la utani hakulipata bure. Akatazama miguuni. Viatu vya kaka yake, vimejazwa magazeti kwenye ncha. Elfu tisa ingetosha viatu vipya.

"Umri?" karani aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Nani atakupokea?"

"Mjomba."

Karani akaandika juu ya tiketi: MTOTO. AKABIDHIWE MJOMBA. Kijiti aliisoma akacheka kimoyomoyo. Kumbe ni rahisi hivi!

Sasa kicheko kilikuwa kimekauka. Mkaguzi alimpigia mjomba simu mara nne, kwa namba aliyopewa na Kijiti, haikupokelewa. Mjomba aliishi kweli mjini hapo, ila alikuwa fundi wa friji, na akiwa kazini simu huiacha ndani ya koti. Saa ya ukutani ikasogea: saa nne, saa nne na nusu, saa tano. Kijiti akashindwa kuvumilia. Akatoa fomu ya shule.

"Baba, ona tarehe ya kuzaliwa. Mimi si mtoto. Nina miaka kumi na mitatu."

Mkaguzi akasoma, akavua miwani. "Jana kumi na mmoja, leo kumi na mitatu. Ndani ya behewa langu umekua kama mahindi?"

Mchukuzi aliyekuwa kando akaangua kicheko. "Tukimchelewesha mpaka jioni ataolewa huyu!"

"Naomba unifungulie, tafadhali. Nitakosa kitanda!"

"Chagua, bibie. Ukiwa mtoto, nakukabidhi kwa mtu mzima. Ukiwa mkubwa, lipa nusu iliyobaki, elfu tisa, na faini elfu tisa."

Kijiti akatoa elfu tisa aliyoificha kwenye soksi. Ya faini hakuwa nayo. Akarudi kwenye benchi akalia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua amtupie nani.

Mjomba aliziona simu hizo baadaye, akafika saa saba kasoro robo, mikono imejaa grisi. Alisikiliza yote bila kukatiza, akalipa faini, akabeba sanduku.

Shuleni, mwalimu wa usajili aliandika jina lake, kisha akafunga daftari. "Nafasi ya darasani bado ipo. Kitanda cha mwisho kimechukuliwa saa sita na dakika tano. Utasoma ukitokea nyumbani, angalau muhula huu."

Njiani Kijiti alinung'unika. "Ile sheria yao ni ya kijinga, mjomba. Wamenionea."

"Nani kakuonea? Ulisema u mtoto, wakakuamini, wakakulinda kama mtoto. Uongo wako haukugunduliwa, mjomba. Ulikubaliwa, ndiyo maana ukakufunga. Kutafuta nauli nafuu si aibu, mimi mwenyewe nilikuja huku juu ya shehena ya mbao. Lakini niliwaambia wenye lori ukweli nikiwa chini, kabla ya kupanda."

Chumbani kwa mjomba, kati ya friji mbili mbovu, walitandika godoro. Kisha mjomba akachukua ile tiketi, akaigeuza, akaandika nyuma yake, naye Kijiti akasoma.

Nusu tiketi, elfu tisa. Nusu ya pili, elfu tisa. Faini, elfu tisa. Friji moja ya mteja, haikumalizika. Kitanda kimoja. Na kila siku ya shule, muhula mzima, dakika hamsini kwenda na dakika hamsini kurudi, kwa viatu vya kaka.