Ruta ya Chumba cha Nyuma

Saa sita mchana mtaa wa maduka ya umeme ulikuwa umefurika watu, hata pa kukanyaga hapakuwepo. Spika zilipiga kelele kila mlangoni. Fundi cherehani mmoja, kavaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, pini tatu zimesahaulika kwenye kola, aligongana na mwanamume mrefu mwembamba aliyebeba maboksi mpaka usawa wa macho. Maboksi yakamwagika chini.

"Dada, hilo gauni halina breki?"

"Na wewe macho umeyafungia humo kwenye maboksi?"

Mwanamume akacheka, naye akajikuta anacheka huku anamwokotea. Mtaani walimwita mwanamume huyo Antena, kwa urefu wake. Duka lake lilikuwa lile lililokuwa mbele yao, dogo, nyaya zikining'inia mpaka kwenye kizingiti.

"Bora nimekugonga mwenye duka," alisema fundi. "Nataka ruta ya intaneti. Ile pale, yenye pembe nane."

Antena aliitazama ile ruta nyeusi kwenye kioo, mfano wa buibui aliyelala chali. "Una ofisi, dada?"

"Nina mama."

Akaeleza. Mama yake alikuwa halali wala haamki bila kushikwa, mwaka wa pili sasa, katika chumba cha nyuma. Kaka yake alikuwa ng'ambo, akiwaosha na kuwalisha wazee wa watu wengine. Alikuwa anapiga simu ya video kila siku saa kumi jioni, akitoka kazini, na Mama alikuwa haishi ila kwa saa hiyo. Lakini ghorofa la jirani lilikuwa limekizibia chumba mtandao. Ukiingia mle na simu, uso wa kaka unaganda, mdomo wazi, kama picha ya ukutani.

"Kati ya sebule na Mama kuna kuta ngapi?"

"Mbili. Za mawe."

"Basi pembe nane ni urembo tu." Antena akachukua kiboksi cheupe, kidogo. "Hii inatoa mawimbi ya aina mbili. Moja lina mbio lakini ukutani linachoka. Jingine halina haraka, ila linapenya. Mama atatumia hili la pili. Ina dhamana ya mwaka mzima, na bei yake haitakufanya uuze cherehani."

"Mbona unanikimbiza kwenye ya bei ndogo? Wewe mfanyabiashara gani?"

"Yule anayetaka mteja arudi."

"Nisiporudi?"

"Nitajua haikuharibika. Ila nitasikitika."

Kesho yake Antena akaenda nyumbani kwa fundi kuifunga. Siku ya tatu akarudi kuikagua, ingawa hakuna aliyemwita. Akaikuta imewekwa nyuma ya kabati, na juu yake imefunikwa kitambaa cheupe chenye marinda, kimeshonwa kwa kipimo chake hasa.

"Mpenzi wa watu, umeivalisha ruta gauni?"

"Vumbi!"

"Inapumua hii, kama wewe. Ivue."

Akaitoa nyuma ya kabati, akaiweka mezani mlangoni mwa ukumbi, mahali pa wazi. Saa kumi ilipofika, uso wa kaka ukatokea mikononi mwa Mama, mweupe wa mwanga, unasogea, unacheka. Mama alikuwa anapitisha kidole kwenye kioo, juu ya nyusi za mwanawe.

Simu ilipokwisha, alimgeukia mgeni. "Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Mgeni wangu hali, halali, na akifumba macho nyumba nzima inanuna."

Antena aliangalia taa za kijani zilizokuwa zikikonyeza kule ukumbini. "Ruta, mama."

"Huyu ana akili," Mama alimwambia bintiye. "Mpe kiti."

Kiti alichopewa hakukiacha. Akawa anakuja kila jioni baada ya kufunga duka. Simu yake ilikuwa ikiunganika yenyewe tangu getini, ujumbe wa mchana kutwa ukaingia kwa mpigo, ting, ting, ting, na Mama akiusikia kutoka kitandani husema, "Antena kafika, mfungulieni." Mchana walipigiana simu yeye na fundi.

"Unafanya nini, roho yangu?"

"Napindua pindo. Wewe?"

"Nauza pembe nane kwa mtu mbishi."

"Mkataze!"

"Nimemkataza. Anasema anataka majirani waione."

Miezi mitano ikaenda hivyo. Kisha Antena akaanza kuuliza watafunga ndoa lini. Fundi alikuwa akijibu "Mama kwanza," kwa sababu Mama alikuwa anapungua. Gauni alilomshonea mwezi uliopita lilikuwa sasa linampwaya mabegani. Siku moja kabla Antena hajasafiri kufuata mzigo, walivutana kwenye simu.

"Kila siku Mama kwanza. Mimi nina namba ya ngapi?"

"Usinisukume. Niache nipumue kidogo."

"Haya. Pumua." Akakata.

Siku mbili hizo za safari, mtandao ukaanza kukokota. Wapangaji wa juu walikuwa wamelipata neno la siri la ruta, sijui kwa nani, wakawa wanaangalia mpira nyumba nzima. Saa kumi uso wa kaka ukaganda, mdomo wazi, kama zamani. Mama akalia, mtu aliyekuwa halii ovyo. Fundi akakumbuka alivyofundishwa na Antena: ukiona inakokota, badilisha neno la siri. Akakaa na simu yake kando ya kitanda.

"Niweke neno gani, Mama?"

Mama alifikiri sana. Kisha akamwambia. Fundi akainamisha uso, akatabasamu, akaandika.

"Nimtumie na Antena?"

"Kwenye simu? Hapana. Liandike kwenye karatasi umpe mkononi, hapa hapa. Nataka nimwone uso akilisoma."

Kesho yake Antena alirudi safari. Alikuwa ameshuka na rafu ndogo ya mbao aliyochongesha huko alikokwenda, ya kuipandisha ruta juu zaidi, na moyoni alikuwa na maneno ya kuomba radhi. Akasimama getini. Simu kimya. Akaitazama. Kioo kilikuwa kinamwomba neno la siri. Akaandika lile analolijua, likakataliwa. Akarudia. Likakataliwa.

Mtu mwingine angegonga geti. Lakini kazi ya Antena ilimharibu. Mara ngapi wateja wamemjia dukani wakasema, Antena, nibadilishie neno la siri, yule bwana simtaki tena? Alikuwa akiwabadilishia huku anacheka. Sasa akasimama na rafu yake kwapani, akasikia cherehani ikienda ndani, trrr, trrr, kana kwamba hakuna kilichopungua. Akageuka akaondoka.

Fundi alimngoja siku hiyo, karatasi iko mfukoni mwa gauni. Akangoja na ya pili. Akapiga, haikupokelewa. Naye ana kiburi chake. Akasema moyoni, kumbe kachoka na mgonjwa, asingeweza kusema tu?

Siku ya nne umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Taa za kijani zikazimika. Ruta yenyewe ilikuwa nzima, ila adapta yake ilikuwa inanuka kuungua. Mama alikuwa amelala macho nusu, pumzi fupi fupi, hata maji hakutaka tena. Ilikuwa saa tisa na nusu. Kwenda mtaa wa maduka na kurudi ni zaidi ya saa, na Mama wa kuachiwa nani? Wa juu walikuwa wamemnunia tangu awakatie mpira wao.

Akampigia Antena. Huko dukani simu ilitikisika juu ya kaunta, jina la fundi likawaka. Antena aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu.

"Apumue," alisema, akaigeuza kifudifudi.

Saa kumi kaka akapiga. Fundi aliipokea uani, mahali pekee penye mtandao wa simu.

"Nipeleke kwa Mama."

Akatembea nayo, taratibu, kama amebeba maji. Ukumbini uso ukaganda. Akarudi uani, ukafunguka. Akaingia tena, ukaganda tena.

"Leo hajapiga?" Mama aliuliza, macho kwenye mlango.

"Anakuja, Mama. Amechelewa kidogo."

Mama alingoja. Kulipopambazuka hakuwa anangoja tena.

Antena alizisikia habari siku ya tatu, kwa mteja. Aliacha duka wazi. Alifika na adapta mkononi, rafu kwapani, shati limelowa mgongoni. Fundi alikuwa amekaa kizingitini, nguo nyeusi, mara hii bila pini hata moja.

"Siku ile ulipiga mara tatu," Antena alisema.

"Mara tatu."

"Nilikuja Jumatano. Simu haikushika. Nikadhani umenifungia."

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imelegea. "Mama alitaka akuone uso ukiisoma."

Antena akaikunjua. Hati ya fundi, herufi zimeshikana kama mshono: *ingiabilahodi*.

Akakaa chini palepale. Hakuna aliyemwona uso isipokuwa fundi, naye akaugeuzia wake ukutani.

Baadaye aliinuka, akaigongomea rafu, akaipandisha ruta, akachomeka adapta. Taa za kijani zikakonyeza. Saa kumi simu ikalia. Kaka aliomba aone tu. Fundi akaingia nayo mpaka chumba cha nyuma, uso haukuganda hata mara moja, akamwonyesha kitanda kilichotandikwa.

Fundi alipomsindikiza getini, Antena aliuliza kwa sauti ndogo, "Utalibadilisha?"

"Neno ni la Mama, silibadilishi. Simu yako itaingia." Akashika geti. "Lakini wewe, siku ukija, piga hodi. Nikiweza nitaitika. Nisipoweza, rudi."

Antena akaenda, akarudi. Kila jioni ting, ting, ting getini, kisha "Hodi," kisha cherehani ikiendelea, trrr, trrr, naye anageuka. Wiki ya kwanza hivyo. Wiki ya nne hivyo. Mvua zikaanza, akawa anapiga hodi chini ya mwavuli.

Kisha jioni moja alipiga hodi, na cherehani ikasimama. Akangoja, hata akainua mguu wa kuondoka.

"Karibu," ilisema sauti ya ndani, ya mtu aliyekuwa analia. "Futa miguu."