Herufi Zilizotetemeka

Mtaani walimwita Mama Chapa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchapa. Barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, matangazo ya zahanati, vyote vilipita mikononi mwake. Alifanyia kazi nyumbani, katika chumba cha mbele, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Mumewe alikuwa mwashi. Aliondoka asubuhi na mwiko na ndoo, akarudi jioni ana saruji mpaka kwenye kope. Mchana Mama Chapa alibaki na mama yake mzazi, ambaye watu wote walimwita Bibi.

Bibi alikuwa haoni. Macho yake yalizimika alipofika miaka hamsini. Lakini masikio yake hayakupitwa na kitu. Alimtambua mgeni kwa viatu vyake. Alijua maziwa yanataka kufurika kabla hayajafurika.

Mama Chapa alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Mwezi huo alinunua kompyuta mpakato mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imekata roho. Siku ya kwanza alifurahi sana. Siku ya tatu aliona herufi zina ukungu. Alifuta kioo kwa kitambaa laini. Ukungu ulibaki palepale. Jua lilipozama, ukurasa uligeuka manjano kama karatasi iliyomwagikiwa chai. Na mara mojamoja mistari ya maneno ilitetemeka, halafu ikatulia.

"Kompyuta ni mpya," alijiambia. "Kitu kipya hakiwezi kuwa kibovu. Basi ni mimi."

Wazo hilo lilimwingia kama maji ya baridi mgongoni. Hakumwambia mtu. Kila mara mtu alipoingia chumbani, Mama Chapa aliifunika kompyuta haraka na kujifanya amemaliza kazi.

Alianza kujipima kwa siri. Alifumba jicho moja, akahesabu matofali ya ukuta wa jirani. Akafumba la pili, akahesabu tena. Siku moja alipata matofali kumi na tisa, kisha ishirini na moja. Hakujua kama amekosea kuona au amekosea kuhesabu. Chakula alikiacha sahanini. Mumewe alipouliza, alisema tumbo linamsumbua.

Kisha nesi wa zahanati akaja na karatasi mkononi. Ilikuwa karatasi ya maelezo ya dawa ya watoto. Mama Chapa alikuwa ameichapa upya akiisoma ile ya mwaka jana kwenye kioo cha kompyuta, kutoka kwenye flashi yake.

"Dada, hebu soma hapa," nesi alisema taratibu.

Mama Chapa alisoma. Kijiko kimoja, mara 8 kwa siku.

"Ni mara tatu," nesi alisema. "Nilikuwa nimeshashika gundi ili niibandike ukutani. Sijui kilichonifanya niisome tena ni nini."

Kwenye kioo aliona nane, na ilikuwa tatu. Aliomba radhi, akaahidi kurekebisha. Nesi alipoondoka, aliketi kitandani. Alimwona mtoto wa mtu, mdomo wazi, anaingiziwa kijiko cha nne, cha tano, cha sita.

Tangu siku hiyo hakugusa kazi. Badala yake alianza zoezi lingine. Alifumba macho, akatembea kutoka kitandani mpaka jikoni. Alihesabu hatua. Alipapasa ukuta mpaka kwenye mlango, akatafuta sufuria kwa vidole. Alitaka kuzoea mapema, kabla giza halijamfikia.

Alikuwa ukumbini, macho yamefumbwa, mkono ukutani, aliposikia sauti ya Bibi kutoka kwenye kiti.

"Mwanangu, mbona unatembea kama mimi?"

Mama Chapa alifumbua macho.

"Siku nne sijasikia ukichapa," Bibi aliendelea. "Na kabla ya hapo ulikuwa unapiga herufi mbili, unasimama. Leo unapapasa ukuta. Njoo ukae hapa."

Mama Chapa aliketi sakafuni, kichwa kwenye goti la mama yake, akamwaga yote. Ukungu, manjano, mtetemo, mara nane kwa siku. "Mama, naenda ulikokwenda wewe," alisema.

Bibi aliweka mikono yote miwili kichwani mwa bintiye. Naye aliogopa.

"Sikiliza," alisema. "Mimi sikuanza hivyo. Maandishi ya mbele yangu niliyaona karibu mpaka mwisho. Kilichotangulia kuondoka ni pembeni. Nikawa nagonga milango. Nikawa siwaoni watu wanaonijia kutoka upande. Nikanyamaza kama unavyonyamaza wewe, mpaka nilipofika hospitali nikaambiwa nimechelewa. Kwa hiyo utafanya mambo mawili. Leo umwite Fundi Waya aiangalie hiyo kompyuta. Kesho uende kupimwa macho. Mambo mawili, sio moja."

Fundi Waya alikuwa mwanamke jirani aliyetengeneza kompyuta kwenye kibanda, nyumba ya tatu kutoka kwao. Alipewa jina hilo kwa sababu hakukosa waya mfukoni.

"Shikamoo Bibi," alisema alipoingia.

"Marahaba. Tafadhali tutazamie huyo mgeni aliyetutia homa."

Fundi aliifungua kompyuta, akaketi mbele yake. Alitazama. Aliinua kifuniko kidogo, akakishusha.

"Mistari inacheza," alisema.

Mama Chapa alisogea. "Unaiona na wewe?"

"Naiona. Kwani ulidhani unaiona peke yako?"

Mama Chapa alishika ukingo wa meza. Siku zote hizo hakumruhusu mtu yeyote kukitazama kile kioo pamoja naye.

"Tuanze na yaliyo mepesi," Fundi alisema. "Ukifungua mipangilio ya kioo, utaona orodha ya vipimo vya picha. Kila kioo kina kipimo chake. Chako kimewekwa kidogo kuliko kinavyotakiwa, ndiyo maana herufi zina ukungu. Chagua kile kilichoandikwa kwamba kinapendekezwa. Bonyeza mwenyewe."

Mama Chapa alibonyeza. Herufi zikawa kali, nyeusi, kila moja na umbo lake. Tatu ikawa tatu.

"Zimekuwa ndogo," alisema kwa wasiwasi.

"Hilo lina dawa yake. Ongeza ukubwa wa maandishi hapa, usiguse tena kile kipimo. Sasa hii manjano. Inaitwa mwanga wa usiku. Imewekwa ijiwashe jua likizama ili macho yapumzike. Si ugonjwa. Ukiwa na kazi, izime."

"Na kutetemeka?"

Fundi alitoa waya mfukoni, akaunganisha kompyuta na televisheni iliyokuwa pale chumbani. Picha ya televisheni ilitulia tuli. Kwenye kioo cha kompyuta mistari iliendelea kucheza, na ilizidi kila kifuniko kilipoinuliwa.

"Unaona? Ndani kompyuta ni nzima. Ubovu uko kwenye kioo, au kwenye waya wake unaopita hapa kwenye bawaba. Hapo mipangilio haisaidii kitu. Na mimi siifungui."

"Kwa nini? Si wewe fundi?"

"Ni fundi, lakini kompyuta hii ina wiki mbili tu. Ina waranti, dhamana ya duka. Nikiifungua, dukani wanaweza kuikataa. Una risiti?"

"Ninayo. Na boksi lake."

"Vizuri. Nakili kazi zako zote kwenye flashi. Halafu irekodi kwa simu inavyotetemeka, maana vitu hivi vina tabia ya kutulia vikifika dukani. Kisha uirudishe, usingoje."

Waliirekodi. Kesho yake asubuhi Mama Chapa alikwenda dukani. Muuzaji aliiwasha, ikatulia kama maji ya mtungini.

"Mama, hii haina neno," alisema. "Utaizoea tu."

Mama Chapa alimwonyesha video, akaweka risiti mezani, kisha akainua kifuniko polepole. Mistari ikacheza. Muuzaji alikuna shingo, akamwita bosi wake. Walimletea nyingine. Safari hii hakuondoka mpaka ameiwasha palepale, ameinua na kushusha kifuniko, ametazama ukurasa mweupe na mweusi kutafuta madoa, na amesoma namba tatu na nane.

Lakini hofu haikuisha. Kutoka dukani alipitiliza hospitali, na kwenye benchi la kliniki ya macho alifumba tena jicho moja, akahesabu vigae vya ukuta. Kompyuta kuwa mbovu haikuwa na maana kwamba macho ni mazima. Aliwekewa matone. Akaambiwa aweke kidevu kwenye mashine, atazame mwanga, asipepese. Alipimwa mbele, akapimwa pembeni.

"Presha ya macho yako leo ni ya kawaida," daktari alisema. "Unahitaji miwani ya kusomea tu, umri huo. Ila kwa maelezo yako, mama yako alipata ugonjwa wa presha ya macho, kwa hiyo uje kila mwaka hata kama unaona vizuri. Ukiwahi tutauzuia. Ukichelewa, kilichopotea hakirudi."

Njiani alilia, akajifuta, akalia tena. Nyumbani alimsimulia mumewe kila kitu. Mwashi aliweka mwiko chini. "Na mimi nilikuwa nakununulia dawa ya tumbo," alisema, akamshika mkono.

Sasa Mama Chapa ana miwani, na tarehe ya kliniki ameiandika ukutani. Hatoi kazi mpaka mtu wa pili ameisoma. Mwenye kazi akija, humgeuzia kioo na kumwambia, "Nisomee hapo. Unaona ninachoona?"

Na Bibi, kutoka kwenye kiti chake, hujibu kabla ya mgeni, "Mimi msiniulize."