Mshtarii Iliyobaki Nyuma Miaka Mitano

"Mshtarii haiko mahali pake," alisema mwalimu.

Fundi aliacha kuisugua sayari ya chuma kwa msasa. Kesho yake bustani ya jiji ilikuwa inafunguliwa, na jua lake la chuma, lenye sayari nane kulizunguka, ndilo walilolisubiri watu. Harusi yake na mwalimu ilikuwa Jumamosi.

"Mpenzi, ni sanaa tu."

"Uliniambia umezipanga kama zilivyokaa angani siku tuliyokutana, mwaka jana. Mshtarii huzunguka jua kwa miaka kumi na miwili, na hapa imebaki nyuma karibu nusu duara. Hii ni miaka mitano kabla hatujaonana."

"Sasa nani atakagua hayo?"

"Unaoa mwalimu wa sayansi halafu unauliza nani atakagua?"

Jamani, kuna mwanaume anadanganya huku ameuchomelea ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Fundi akauweka msasa chini.

"Ni siku aliyozaliwa binti yangu. Ana miaka sita. Nilitaka awe na kitu kutoka kwangu."

Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa zege. Iliuma, iliuma sana.

"Mwaka mzima nakula kwa mama yako, nacheka na dada zako. Wote walijua?"

"Niliwaomba wanyamaze. Niliogopa utaniacha."

Simu ya fundi ikalia juu ya boksi la vifaa. Mwalimu akausoma ujumbe, umetoka kwa mama wa mtoto:

"Baba, mtoto anauliza kesho aje kuona sayari zake? Au mwenzio bado hataki?"

"Bado sitaki nini?"

Fundi akanyoosha mkono kuichukua simu. Mwalimu akapiga namba ile ile.

"Dada, mimi ndiye huyo mwenzake. Nimekataa nini?"

Mama wa mtoto akajibu:

"Alisema umemkataza kumwona mtoto. Tangu mwaka jana hajakanyaga hapa."

Kufichwa mtoto, labda angesamehe. Lakini kufanywa mama wa kambo mwenye roho mbaya kabla hata hajaolewa, hilo lilimshinda.

"Sikujua kama yupo, dada. Mlete kesho saa nne. Nitamwonyesha sayari mimi mwenyewe."

Akakata simu, akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya boksi.

"Nisamehe," fundi alisema. "Kadi tumeshagawa."

"Basi pita nyumba kwa nyumba uzikusanye. Na kila mlango utakaobisha, waambie ni nani aliyemkataa mtoto."