Diski ya Marehemu Hamphrey

Bodaboda ilimshusha Pankras kwenye kijiji cha ufukweni mwa ziwa, mbele ya Tingi, jua likizama upande wa Malawi. Alikuwa fundi kompyuta wa Mbinga mjini, na kazi iliyomtoa huko ilikuwa ndogo tu. Mama Benadetha, mjane, alitaka mashine ya marehemu mumewe ipimwe.

Aliikuta sebuleni, kuukuu, plastiki yake imegeuka rangi ya chai. Feni ilikuwa inakoroma. Na ndani kabisa, kitu kilikuwa kinagonga.

Ko... ko... ko.

"Shikamoo, mama. Hii huwa mnaizima saa ngapi?"

"Marahaba. Haijazimwa tangu tumzike Hamphrey."

Pankras alichomeka flashi, akafungua programu ya kupima afya ya diski. Alama nyekundu. Sehemu zilizoharibika zilikuwa zinaongezeka huku akizitazama. Alidhani ameelewa. Hamphrey alikuwa mpiga video wa harusi. Bila shaka humo mlikuwa na sura na sauti yake, na mjane hataki vipotee.

"Diski inakufa, mama. Ila usiogope, nitahamisha kila kitu."

"Usihamishe chochote," mama alinong'ona. "Nilitaka kujua tu itadumu mpaka lini."

Pankras alidhani ni majonzi. Akachomeka diski yake ya akiba, akaanza kunakili, akijiambia kwamba mama atakuja kumshukuru.

Kugonga kukaenda mbio. Harufu ya samaki waliovunda ikajaa sebuleni. Ko-ko-ko-ko...

Kisha kimya.

Kioo kikawa cheusi. Mama Benadetha aliketi sakafuni.

"Umemtoa," alisema.

"Nimemtoa nani?"

Mama akamweleza haraka, kwa sauti ya chini. Hamphrey alizama ziwani. Baada ya maziko akawa anarudi mlangoni kila jioni, anamwita binti yao, Glorious. Huko aliko yuko peke yake, anataka mwenzake. Ndipo mganga kutoka Kingerikiti alipomfungia ndani ya mashine ile, aliyoipenda kuliko kitu kingine. Mganga akaonya kwamba mashine itakapokufa, yeye hataweza kumfungia tena.

Pankras alifungua mdomo aseme kwamba diski ilichoka tu.

"Hodi."

Sauti ya mwanamume, nje. Ya upole. Kama yenye maji kooni.

Mama alimziba Pankras mdomo asije akaitikia "Karibu".

Chumbani kitanda kililia. Glorious, binti mkubwa wa kuolewa, akatoka, macho ameyafumba.

"Nakuja, baba."

Walimshika wote wawili. Pankras alikuwa amezoea kubeba magunia ya kahawa kwao, lakini miguu yake iliburuzwa sakafuni na binti mwembamba vile. Mama alimng'ang'ania kiunoni, anasali Salamu Maria, maneno yanamkwama. Mlango ukafunguka bila kuguswa. Nje hapakuwa na mtu. Mchanga tu, na maji yametulia. Glorious alikuwa amekwisha kuwaburuta hadi ziwani, amelowa mpaka magotini, kengele ya kanisa ilipolia. Akalegea mikononi mwao, akaanza kulia kama mtoto.

Asubuhi mama na binti walihamia kwa shangazi yake Glorious, Litembo, milimani, mbali na maji. Pankras aliondoka na ile diski iliyokufa, akaifungua kibandani kwake. Ilikuwa imekwanguka kwa uzee, basi. Hakuona cha ajabu. Alijaribu kuridhika na hilo.

Jioni moja ya mvua simu ikaita. Alikuwa Mama Benadetha, ananong'ona.

"Fundi, amejua tuliko. Huna mashine nyingine, yenye diski nzima? Hata ya kuazima."

Pankras alizitazama mashine zilizojaa kibandani. Angefanyaje? Hakujua jinsi mtu anavyofungiwa. Alijua kutoa tu.

"Mama," alisema, "Glorious yuko wapi?"

Upande wa pili alisikia mvua kwenye bati, kisha sauti ya msichana, karibu kabisa na simu, tulivu.

"Karibu, baba."