Jagi la Mama Ndani ya Kabati la Kioo

Jioni ile mimi na mdogo wangu Earline tulikuwa tukienda kwenye maombi ya Jumatano. Tukapitia makumbusho ya sanaa za watu wetu weusi, jirani na kanisa letu hapa Georgia, maana Earline alitaka kuona mablanketi ya viraka.

Hatukuyafikia.

Ndani ya kabati la kioo lilikuwamo jagi la mama. La udongo, la buluu. Zima!

Kwetu, chombo alichonywea marehemu mara ya mwisho huvunjwa juu ya kaburi lake, mnyororo wa vifo ukatike, asivute wengine. Siku tuliyomzika mama, jagi hilo nililivunja mwenyewe kwa nyundo. Lakini tangu masika tumemzika kaka Cleophus, kisha shangazi Ozella. Sasa Earline anakohoa, na madaktari hawaoni kitu.

"Wameliiba makaburini," nikanong'ona.

"Dada Lavinia, nawe! Lazaro alifufuka, sembuse jagi?"

Akacheka. Kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Mungu anisamehe, nilishamhukumu Bwana Pettigrew, msimamizi wa pale, kabla hajafungua kinywa. Nikamvuta pembeni.

"Nani kawaruhusu kugusa kaburi la mama yangu?"

"Taratibu, mama. Lililetwa masika, vipande vipande. Sisi tumeliunga kwa gundi tu."

"Kaleta nani?"

Akatazama mlangoni kwanza.

"Bibi mmoja. Gauni jeupe, glavu nyeupe, kama wahudumu wenu wa kanisani. Viatu vimejaa udongo mwekundu. Alisema ni lake, akataka tuliunge."

"Kwa nini?"

"Alisema... amechoka kukaa peke yake."

Mama tulimzika na glavu zake za uhudumu.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Kisha sauti.

Glu... glu... glu...

Nikageuka. Earline alikuwa amebandika uso kwenye kioo, macho kafumba, koo likipanda na kushuka.

"Earline!"

Hakusikia.

Nikaita jina la Yesu, nikanyanyua kiti cha mlinzi, nikapiga. Kioo kikamwagika. Jagi likapasuka sakafuni. Ndani lilikuwa kavu kabisa.

Earline akafumbua macho, akajifuta maji midomoni.

"Mama anakusalimu, dada. Anauliza, wewe utakunywa lini?"

Tangu siku hiyo hakohoi tena. Kanisani wanasema ni muujiza, nami naitikia amina pamoja nao. Ila kila akinikaribisha maji kwa mkono wake, namwambia nimefunga.