Mwenye Nyumba Yuko Ndani

Jua lilikuwa limebakiza kidogo kuzama Gerson Kashindye alipotoka nyumbani kwake Kipalapala kwenda dukani kwa Majidi kununua kufuli.

La nne.

"Shikamoo mzee Gerson," Majidi alisema, tayari anacheka. "Lile la Jumanne limegoma?"

"Marahaba. Linafanya kazi. Hili ni la kulipokea zamu."

"Mzee wangu, una nini humo ndani? Tuambie tu, tusije tukakuibia kwa kubahatisha."

"Nina televisheni yenye mstari katikati, mke mmoja na mabinti wawili. Televisheni wachukue."

Benchi zima la nje ya duka lilicheka, na Gerson akacheka nalo. Alikuwa ameendesha lori miaka ishirini na mbili, Lubumbashi, Kigali, Lusaka, akilala chini ya tela na spana mkononi, asiibiwe hata kamba ya kiatu. Sasa amestaafu, amerudi kwao, amejenga, ndiyo kwanza ameanza kuogopa. Tumbo limekua, na woga umekua nalo.

Lakini woga ulikuwa na sababu. Mwezi ule wezi wa fatuma walikuwa wameingia nyumba tano. Fatuma ni lile jiwe kubwa la kubebwa na watu wawili: hubisha mara moja tu, mlango unalala chini. Kwa jirani yake Sixbert waliingia saa mbili usiku, watu wanakula. Wakamfunga kwa kamba ya mbuzi wake mwenyewe, kisha wakakaa kumalizia ugali. "Na wakasema mboga haina chumvi," Sixbert alipenda kusimulia. Mdomo ulicheka. Macho hayakucheka.

Gerson akajiandaa. Nondo madirishani. Vipande vya chupa juu ya ukuta. Filimbi shingoni mwa kila mtu, hata Advera wa miaka mitano, ambaye aliipuliza mpaka kuku wakaacha kutaga. Akaweka na sheria: jua likizama mlango haufunguliwi, hata sauti iwe unaijua namna gani, kwa sababu wezi wa siku hizi wanaiga sauti za watu. Akaenda mnadani, akachomoa kwenye rundo la mitumba buti za kijeshi, nyeusi, namba kumi na mbili. Yeye anavaa namba nane. Hazikuwa za kuvaa. Aliziweka mlangoni ili mwizi akipita ajue humu kuna mwanamume wa shoka.

Mwisho kabisa, kimyakimya, mchungaji asijue, akamleta mganga, mzee Bundala kutoka Puge, aizindike nyumba, aifunge kwa dawa.

Bundala alichimba vishimo kwenye pembe nne na kimoja kizingitini. Kisha akataka kiatu cha kila anayelala humo, akwangue vumbi la unyayo alichanganye na dawa. "Atakayekuwa wa humu ni wa humu," alisema. "Asiyekuwemo, mguu utamkatalia. Itakamata siku ya tatu, jua likizama."

Asnath, mkewe, alitoa ndala. Levina, binti mkubwa, alitoa raba za shule. Advera alitoa kandambili moja, nyingine ilikuwa imeliwa na mbwa.

"Na mwenye nyumba?"

Hapo Gerson alifanya ujanja. Nani asiyejua kwamba mganga akiwa na vumbi la unyayo wako, amekushika wewe mzima? Bibi yake alimlea kwa kufuta nyayo zake uwanjani kwa fagio kila jioni. Mke na watoto walikuwa wameshatoa vyao. Woga wake, kama kawaida, ulimkumbuka mwenyewe peke yake.

"Hizi hapa," alisema, akamsogezea mganga zile buti.

Leo ilikuwa siku ya tatu.

Alirudi na kufuli lake mfukoni, akipitia njia ya nyuma ya mashamba. Wazee wanasema ndiyo ileile waliyopita wapagazi wa zamani, pembe za ndovu begani, kutoka Ujiji kwenda pwani. Nyumba yake ilikaa juu ya njia hiyo kabisa. Walipochimba msingi walitoa vigae na mfupa mmoja, na fundi akasema ni wa mbuzi. Gerson alikubali haraka kuwa ni wa mbuzi.

Mchangani kulikuwa na nyayo.

Kubwa. Za buti. Zilikwenda upande wa kwake... hazikurudi.

Halafu harufu. Ngozi iliyolowa, na kiangazi kimekausha mpaka visima. Na tumbaku, ila si hii ya kwenye mabani ya kukaushia. Tumbaku chungu, ya kale.

Alifika mlangoni. Buti hazipo.

"Wameniibia kitisho," alijisemea, akatabasamu. Akainua mguu aingie.

Mguu uliinuka, ukafika juu ya kizingiti, ukasimama hapo kama mguu wa mtu mwingine. Akausukuma kwa mikono miwili. Akajaribu wa kushoto. Akajaribu kinyumenyume, na hapo hata yeye aliona haya. Mlango ulikuwa wazi nusu, taa ya sola inawaka, na akaukaribia kwa bega.

Mlango ukafungwa taratibu. Komeo moja. La pili. La tatu.

Ndani, kijiko kiligonga sahani. Mtu akakohoa.

"Baba Levina, nikuongeze mchuzi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Asnath.

"Niongeze."

Gerson aliijua sauti hiyo. Aliwahi kuisikia kwenye simu, siku aliyojirekodi akaichukia.

Ilikuwa yake.

"Levina!" aliita. "Levina, fungua!"

"Nani?"

"Mimi. Baba yako!"

Binti akasema polepole, "Baba yuko hapa. Anakula."

"Usijibu!" Asnath alidakia. "Ndiyo hao! Si baba yako mwenyewe alisema wanaiga sauti? Piga filimbi!"

Filimbi mbili zikalia. Ya tatu ikafuata, ndogo, ya Advera, yenye furaha.

Gerson alirudi nyuma mpaka ukutani, akampigia Bundala.

"Mzee, shikamoo. Nimeshindwa kuingia kwangu. Kuna mtu ndani... anakula chakula changu kwa sauti yangu."

Sauti ya Bundala ikashuka. "Gerson. Kile kiatu ulichonipa ni chako?"

"Mzee..."

"Nakuuliza."

"Si changu."

"Basi mimi nimemzindikia nani?"

Upepo ulipita kwenye chupa za ukuta, ukapiga mluzi.

"Njia mliyojengea ilipitisha watu wengi wenye mizigo," Bundala alinong'ona. "Wengine walianguka hapohapo, hawakufika kwao. Mtu wa namna hiyo anatafuta mlango, basi. Mimi nimemfungulia. Wewe umempa viatu."

"Nifanye nini?"

"Watoe watu wako kabla hawajalala. Wakilala chini ya paa lake, kukicha ni wake."

"Nivunje mlango?"

"Hata fatuma halitaingia. Si ulitaka kazi nzuri?"

Simu ikakatika.

"Simama hapohapo, mwanaharamu!"

Alikuwa Sixbert, rungu juu, na mkewe Marcelina nyuma yake na tochi. Filimbi zilikuwa zimewaleta.

"Sixbert, ni mimi, Gerson!"

"Mwongo! Gerson nimemwona sasa hivi dirishani, kanipungia mkono!"

Tochi ilimpiga Gerson usoni. Kisha, taratibu, Marcelina akaigeuzia dirishani. Nyuma ya nondo, pazia lilikuwa na kivuli cha mtu aliyesimama. Kichwa chake kilipita juu ya fremu.

Rungu la Sixbert lilishuka. "Huyo... mrefu."

"Mimi ni mfupi, jirani. Umenicheka miaka sita kwa hilo."

Aliwaeleza kwa maneno machache, na hakuna aliyecheka. Waite Asnath? Hatatoka, Gerson mwenyewe ndiye aliyemfundisha asitoke. Moto? Angetafuta maji ndani. Kilichoweza kumtoa Asnath nyumbani jua likiwa limezama kilikuwa kimoja, na Gerson alikijua kwa sababu kilishamwacha bila chakula mara nyingi. Msiba. Mama yule wa kwaya ya Moraviani hajawahi kusikia kilio akamaliza kufunga khanga.

"Mama, lia," alimwambia Marcelina. "Sema Sixbert amekufa."

"Mbona nife mimi?" Sixbert alinong'ona kwa hasira. "Kufa wewe!"

"Mimi siwezi. Niko ndani ninakula."

Marcelina alikimbilia uwanjani kwake, akashika kichwa, akapasua giza. "Mayo waneee! Mama yanguuu! Sixbert! Umeniacha na naniii!" Alilia vizuri mno. Marehemu mwenyewe, nyuma ya mhogo, alianza kufuta machozi.

Makomeo yakafunguka. Moja, mbili, tatu. Asnath alitoka mbio, peku, Levina ameng'ang'ania khanga yake. Gerson akawadaka wote wawili.

Asnath alipiga ukelele. Kisha tochi ikawafikia, akamwona vizuri. Akamtazama kifuani, miguuni, usoni. Akageuka kutazama nyumba.

"Wewe... si nimekuacha mezani?"

"Advera yuko wapi?"

"Amelala," Asnath alisema. "Kamlaza mwenyewe. Nimemwacha na baba yake."

Nyuma yao, komeo.

La pili.

La tatu.

Asnath alikimbia kuupiga mlango kwa ngumi. Kizingiti hakikumkataa, lakini mbao hazikutikisika. Gerson alikuwa amechagua mninga, mlango mzima, na kuwaringia watu mtaa mzima. Binti yake alikuwa upande wa pili wa kila kitu alichokinunua ili awe salama.

Akamsogeza mkewe pembeni, akapiga goti mchangani.

"Mwenye nyumba," alisema.

"Nani?" Sasa haikuwa sauti yake tena. Ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajanywa maji siku nyingi.

"Mgeni."

"Mgeni wa nani?"

Kila tofali la nyumba ile lilikuwa safari. Usingizi wa Tunduma, homa ya Kolwezi, Krismasi alizokula karanga mpakani.

"Wako. Nyumba ni yako, na vyote vilivyomo. Mimi sina nyumba hapa." Akapumua. "Hodi."

Mbwa wote wa Kipalapala walinyamaza.

"Karibu, mgeni."

Makomeo yakajifungua, na mguu wake, kwa unyenyekevu, ukavuka.

Taa ilikuwa imezimwa. Kwenye kiti chake, mwisho wa meza, palikuwa na giza zito kuliko giza lingine. Chini ya meza aliona buti zile, zimejaa.

"Umetoka mbali?"

"Mbali."

"Kaa ule."

"Nashukuru. Njia ni ndefu. Nimekuja kumchukua mtoto."

"Ni mzigo wako?"

"Mzigo wangu."

Giza lile lilivuta pumzi, na palikuwa na kitu kama huzuni ndani yake. "Basi beba. Mimi wangu waliuchukua nilipoanguka."

Advera alikuwa kitandani, wa baridi kama jiwe la kisimani, anapumua. Alimtupia begani. Alipokuwa juu ya kizingiti, akaitwa.

"Mgeni."

"Naam."

"Umesema huna nyumba."

Gerson alimshika mtoto kwa nguvu zaidi.

"Nimesikia."

Asubuhi Bundala alifika, akasimama barabarani, akaitazama nyumba ile muda mrefu, akapanda pikipiki akarudi Puge bila kuaga. Familia ilihamia Choma, Igunga, kwa kaka yake Asnath, Ezekia, mfugaji. Advera ana afya. Sixbert hupiga simu mara moja moja. Anasema taa ya kule huwaka kila jioni. Anasema wezi walikwenda na fatuma lao, na jiwe lipo mpaka leo mlangoni. Wezi hawapo. Hakuna aliyewatafuta.

Gerson hucheka anaposimulia hayo mnadani. Lililobaki hamwambii mtu. Tangu usiku ule, mguu wake hauvuki kizingiti chochote mpaka akaribishwe. Dukani, kanisani, hata kwenye chumba anacholala na mkewe. Husema hodi, husubiri, na Ezekia humsifu kwamba shemeji kastaarabika ughaibuni.

Jumamosi iliyopita alirudi jua likizama. Watu wote walikuwa wamekwenda kwenye maombi. Mlango ulikuwa wazi. Alibisha hodi, akajicheka, akasimama nje na kilo yake ya nyama mkononi, inzi wakimsaidia kusubiri.

Pembeni yake, mtu akatua mzigo mzito chini. Akahema, kama aliyetembea sana.

Gerson hakugeuka.

"Nawe unasubiri ukaribishwe?" sauti kavu ilinong'ona.

Gerson akaibana nyama kifuani.

"Mimi pia. Mkeo akisema karibu, tutaingia wote."

Huko chini, kwenye kijia cha ng'ombe, tochi ya Asnath ilikuwa inapanda, na vicheko vya mabinti pamoja nayo. Gerson alifungua mdomo amwambie anyamaze, apite, asiseme neno lolote. Ulimi haukunyanyuka.

Na Asnath ni mtu wa adabu. Huwa anaanza kukaribisha akiwa bado mbali.