Mkojo wa Papa Siku ya Mahari

— Safi, zima hiyo taa! Wakwe wameisha ingia! alisihi baba yake.

Safi hakuzima. Alishika tyubu ya kioo kwa kibanio juu ya taa ya spiriti, na ndani ya tyubu mlikuwa na mkojo wa baba yake, Papa Constant. Mbuzi wa mahari alikuwa amefungwa mlangoni. Wenceslas, mchumba wake, aliganda ndani ya suti yake mpya ya abacost.

Asubuhi hiyo, Safi, muuguzi mwenye diploma yake, alikuwa amefungua mkebe wa maziwa akakuta vidonge vya tension, presha ya damu, vya miezi miwili, havijamezwa. Vidonge ambavyo daktari alimpa baba yake ili presha na kisukari visimmalize figo.

— Papa, mbona haukumeza?

— Wenceslas ananiletea vitamini za Ubelgiji kila Jumapili. Nikimeza na vya daktari, mukwe atasema zake hazinitoshi. Nitamutia haya, mwanangu.

Sasa mkojo ulianza kutokota.

— Chérie, alinong'ona Wenceslas, hapa haiko fasi ya kupimia mukojo.

— Ulisema vitamini zako zinaondoa kutu ndani ya damu. Bon. Tuangalie kama zinalinda figo.

Akadondosha siki. Mkojo ukaganda, mweupe kama ute wa yai kwenye kikaango.

— Yesu! Hiyo iko nini? aliuliza mgeni mmoja.

— Protini. Figo za papa zinavuja. Miezi miwili nyuma, nilipopima, lilikuwa wingu jembamba tu. Na vidonge vya daktari alivificha ndani ya ule mkebe wa maziwa, kwa kukuonea haya, Wenceslas.

Tantine Berthe, shangazi wa Wenceslas, aliruka kutoka kitini.

— Mutoto gani anaonyesha wakwe mukojo ya baba yake? Wence, fungua mbuzi! Tunarudi!

Miaka minne alimngoja mwanaume huyu, na kamba ya mbuzi ilikuwa tayari inafunguliwa. Hata hivyo hakuishusha tyubu.

Wenceslas aliitazama. Kisha akatazama miguu ya Papa Constant, iliyovimba mpaka viatu vimeachwa wazi. Akaenda kwenye mkebe, akatoa kidonge, akapiga magoti mbele ya mzee na glasi ya maji.

— Papa, niliamini maneno ya muuzaji. Usinionee haya tena. Meza, nikitazama. Kesho mimi mwenyewe ninakupeleka kwa daktari. Zile vitamini nitakula mimi.

Papa Constant akameza, akafuta mdomo.

— Uzikule zote, mukwe! Zilinichefua toka siku ya kwanza!

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Vigelegele! Mbuzi akafungwa tena, mafundo mawili.

Tantine Berthe peke yake hakucheka.

— Sawa, ndoa iko. Lakini huyu aombe pardon, aombe musamaha, kwanza. Mbele ya wote.

Wote wakamgeukia Safi. Alipuliza taa, akaiweka tyubu mezani, katikati ya chupa za bia.

— Tantine, nitakupikia, nitakufulia, na mutoto wa kwanza nitamuita Berthe. Pardon, hapana. Siombi.